Goti Nililokatazwa Kulishika

Kabla hajawa mama mkwe wangu, yule mama alikuwa goti la kulia. Nasema hivyo kwa aibu, na nawaandikia ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi ya tiba ya viungo ili mnicheke mapema, kabla hamjafanya ujinga wenu wenyewe. Juzi mmoja wenu alinitembelea nyumbani, akaniuliza, "Mzee, nasikia wagonjwa wako walikuwa wanapona wewe umekaa tu, mikono mfukoni. Ulifanyaje?" Nikamwambia akae, jibu lake ni refu. Hakuwa na muda, alikuwa anakimbilia zamu. Haya, nimeliandika, msome mkiwa kwenye foleni ya chai.

Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi, Nsambya. Baba alitoka Arua kuja kuvaa kaptula ya serikali, akanizaa hapa hapa, na nyumbani kwetu tulisema Kiswahili kwa sababu kambini kila mlango ulikuwa na kabila lake. Vita vilipokwisha, baba na mama walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, nami nikapata kazi ya usaidizi katika hospitali moja ambayo jina lake naliacha, halafu nikapelekwa kusomea. Kiswahili changu kilinipa taabu. Katika Kampala ya siku zile, ukimwambia mtu "njoo hapa" kwa Kiswahili, alikuwa anakutazama kwanza kama umebeba bunduki, maana kilikuwa lugha ya wanajeshi. Na sisi kazi yetu ilikuwa kumwambia mtu avue kiatu na alale.

Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, kimoja kimeegemezwa matofali. Vingine vyote vilikuwa vimebebwa wakati wa vita, hata zile fito za kujifunzia kutembea, nadhani ziliivisha chakula cha mtu. Mkuu wetu alikuwa Hajjati Halima, Mnubi wa Kibuli, binti wa mwanajeshi wa zamani, mwembamba, na sauti yake ilikuwa ya sajenti. Yeye ndiye alinituma Kisenyi, kwenye magereji, nikaombe tyubu za matairi zilizotoboka. Tulizikata vipande virefu, mgonjwa anafunga upande mmoja kwenye mguu wa kitanda na kuvuta upande wa pili, misuli inarudi. Ninyi leo mna mipira ya rangi rangi ya kutoka ng'ambo, na ni mizuri. Ila tyubu ya lori hufanya kazi ile ile, na ikikatika fundi anakupa nyingine.

Fundi mwenyewe aliitwa Abdalla, na mgongo wake ndio ulionifundisha kunyamaza. Alikuja amepinda. Enzi zile tulikuwa tunamlaza mtu wa mgongo juu ya ubao, chali, wiki mbili, wiki tatu, asiinuke ila kwa haja. Nikamlaza Abdalla. Siku ya nne akatoroka, kuna lori la mteja lilikuwa linamsubiri. Nilikasirika sana, nikamwambia Hajjati kwamba tutamwona tena akiwa amebebwa. Alirudi baada ya wiki, anatembea, ameniletea tyubu sita, na wale waliolala kwa utii bado walikuwa juu ya mbao zao wanaguna. Ilinichukua miaka kukubali alichonionyesha. Mgongo wa kawaida unapenda kutembezwa, kidogo kidogo, leo hadi mlangoni, kesho hadi barabarani. Wale wote niliowapigilia kwenye ubao, Mungu anisamehe, na wao wanisamehe.

Nimesema mgongo wa kawaida. Mgonjwa akikwambia ana ganzi pale anapokalia tandiko la baiskeli, au mkojo unamtoka bila yeye kujua, au mguu unazidi kulegea, au mgongo unamuuma pamoja na homa na kukonda, acha ushujaa wako. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, mikono yetu haina kazi hapo.

Sasa nirudi kwenye goti.

Aliletwa na mkokoteni, mama mnene wa makamo, amevaa gomesi, gauni refu la Kiganda, mguu umetoka kwenye plasta ngumu, mkavu, umenyooka kama fito. Baiskeli ya kubeba abiria ilimgonga Kawempe, karibu na kwake, akavunjika mfupa chini kidogo ya goti. Mfupa ulikuwa umeshaunga vizuri, lakini goti lilikuwa limelala wiki nyingi na halikutaka kuamka. Kwenye kadi kulikuwa na jina lake la ukoo, ila watu wote walimwita Nalongo, ambalo ni jina la heshima la mama aliyezaa mapacha. Nilipomsalimu kwa Kiswahili alikumbatia mkoba wake.

Hajjati alikuwa na sharti moja, na alilirudia hadi nikachoka kulisikia: kabla hujagusa kiungo cha mtu, kaa naye, muulize habari za kwake. Analala juu ya nini? Anapika amekaaje? Nani yuko nyumbani? Mimi nilijiona kidume wa kazi. Nilikuwa na mikono mizuri, kila mtu alisema, na mwenye mikono mizuri huona kuuliza ni kupoteza wakati. Nikaweka taulo la moto, nikasogeza pia ya goti huku na huku, nikaanza kukunja. Nilikunja kwa nguvu. Siku ya pili goti lilikuwa limevimba kama embe. Nikangoja lipoe, nikakunja tena.

Baada ya mwezi na zaidi lilifika kipimo cha kukaa kitini, hapo likagoma. Nikamwambia kwa furaha, "Nalongo, hongera, sasa unaweza kukaa kwenye kiti."

Akanitazama kwa huruma. Kiswahili chake alikipata kwa wanunuzi wa maharage waliotoka Kenya, kilikuwa kifupi na kilikwenda moja kwa moja. "Nani alikuambia mimi niko na kiti?"

Ndipo nikaambiwa yote niliyopaswa kuuliza siku ya kwanza. Alikuwa anauza maharage sokoni, amekaa chini kwenye mkeka. Jiko lake la mkaa liko chini. Anafua chini. Na juu ya hayo yote, yeye ni mwanamke wa Kiganda, na mwanamke wa Kiganda humsalimu mkubwa kwa kupiga magoti. "Mimi nitasalimia wazee ya bwana yangu namna gani?" aliniuliza. "Nisimame, nipunge mkono kama askari ya barabara?" Tangu avunjike alikuwa hajaenda msibani wala harusini. Alikuwa anaona haya kusimama mbele ya watu wazima, akajifungia ndani na kusema ana homa.

Basi nikaahidi. Nikamwambia, "Nalongo, utapiga magoti." Nilikuwa kijana, nilitoa ahadi bila hata kuliuliza goti lenyewe.

Wakati huo huo nilikuwa na siri. Nilikuwa nimempata msichana, jina lake Nakato, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Masaka. Alikuja siku moja hospitalini kumtembelea muuguzi rafiki yake, akanikuta koridoni nimevaa koti jeupe, akaniita daktari. Sikumsahihisha. Koti lenyewe lilikuwa la Hajjati, nilikuwa nalipeleka kupigwa pasi. Tukaandikiana barua muhula mzima, kila bahasha imeandikwa Daktari, nami nikawa naipokea kwa mikono miwili. Aliniandikia kwamba mama yake aligongwa na baiskeli, anatibiwa mjini na kijana fulani wa kukanda, na anaendelea vizuri. Nikamjibu kwamba wakandaji wengine si wabaya.

Mtasema nilikuwa mjinga, na ni kweli, lakini nisikilizeni. Kampala nusu ya mama zetu waligongwa na baiskeli. Kina Nalongo wamejaa kila soko, na kina Nakato vile vile, maana ndilo jina la pacha wa pili akiwa msichana. Na kwa Waganda mtoto huchukua jina la ukoo wa baba, si la mama, kwa hiyo kadi ya hospitali haikunisaidia. Swali moja tu lingenisaidia, lile la nani yuko nyumbani.

Shule zikafungwa kwa likizo ndefu. Asubuhi moja nimekaa kwenye kigoda, mguu wa Nalongo uko juu ya paja langu, mkono wangu mmoja nyuma ya goti na mwingine kwenye kifundo, mlango ukafunguliwa, akaingia Nakato kumchukua mama yake.

"Mama," alisema, kisha akaniona, akashika fremu ya mlango.

Nalongo alimtazama binti yake, akanitazama mimi, akamtazama binti tena. Mama yeyote anaijua ile sura. "Huyu?" aliuliza. Nakato akapiga magoti pale pale mlangoni, macho chini, na mama yake hakuhitaji jibu jingine. Akauvuta mguu wake kutoka mikononi mwangu kwa nguvu nisizozijua. Na Mungu anisamehe mara ya pili, kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba goti limekunjika kupita jana.

Kwa asiyejua: kwa Waganda, mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawagusani kabisa. Hawapeani mkono, hawali sahani moja, hata wakikutana kwenye kichochoro mmoja hurudi. Heshima hiyo wanaiita obuko, na wazee husema anayeivunja atatetemeka mikono uzeeni. Mimi nilikuwa nimemkanda mama mkwe kutoka paja hadi kisigino, mara tatu kwa wiki, kwa mafuta ya nazi.

Nakato alimfunika mama yake mguu, akamshika bega, wakatoka. Mlangoni aligeuka, akasema polepole, "Uliniambia wewe ni daktari."

Nilipomsimulia, Hajjati alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akaniambia, "Wewe mtoto, mtu anaitwa mama wa mapacha, mchumba wako ni pacha, na miezi miwili hukumuuliza mgonjwa wako ana watoto? Wallahi, ungekuwa askari wa baba yangu ungelala ndani."

Nalongo hakurudi tena. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Na ninyi mnajua goti ambalo mfupa umevunjika karibu yake: ukiliacha katikati ya kazi, linafunga, na likishafunga limefunga. Nilikuwa silali. Kila nikifumba macho naliona likikauka.

Kisha akaja senga, shangazi wa Nakato upande wa baba, ambaye kwa desturi yao ndiye msimamizi wa mambo ya uchumba. Mama mkavu, hakupoteza maneno. Akaniambia wazee wamekaa. Wameona kwamba siku zile nilikuwa sijaletwa nyumbani, nilikuwa mtu wa hospitali tu, na mkono wa hospitali hauna ukoo, kwa hiyo hakuna kosa. "Lakini sasa umejulikana," akasema. "Ukitaka kuendelea kumtibu Nalongo, mtibu, ila usilete barua ya posa. Ukitaka binti, mikono yako na mguu ule basi."

Nikamuuliza Nalongo mwenyewe anasemaje.

"Amesema Nakato ni wake, na goti ni lake, na bila goti anaweza kuishi. Amesema umwache akae na mguu wake. Hataki binti yake aje kusikia kwamba mama alimzuia kuolewa kwa ajili ya goti."

Vijana, niligeukia dirishani. Mama yule alikuwa anamwogopa mtu wa Kiswahili hata kumsalimu, na sasa alikuwa ananiachia binti na kujinyima magoti yake, asiwe tena mtu wa kwenda msibani, asiwe mtu wa kumsalimu mkubwa. Na sherehe ya kuniingiza katika nyumba ile, wanayoiita kwanjula, ingekuja, naye angelazimika kuwalaki wageni wetu amesimama wima mbele ya ukoo mzima. Nililia kwa shukrani na kwa hasira juu yangu mwenyewe, na senga akajifanya anafunga mkoba.

Nikamwendea Hajjati, nikamwomba aende Kawempe akamtibu yeye. Akaninyooshea mikono yake. Vidole gumba vilikuwa vimevimba kwenye viungo, vimepinda. "Hivi ni vya kukandia watu maisha yangu yote," alisema. "Haviwezi tena hata kufungua chupa. Nilikuwa nakuficha. Na wewe ukiendelea kusukuma kila mtu kama lori lililokwama, utafika hapa." Akairudisha mikono mapajani. "Mikono umekatazwa. Mdomo je, umekatazwa?"

Alinifundisha siku nne. Ananiketisha nimeelekea ukuta, nyuma yangu anamweka Abdalla fundi, mgongo wake ulikuwa umeshapona ila alipenda mizaha. Mimi namwelekeza kwa maneno, Hajjati anatazama. Nikasema, "Kunja goti." Abdalla akakunja lile jingine. Nikasema, "Kaza misuli ya paja." Abdalla akasema, "Ipi?" Kumbe miaka yote nilikuwa sisemi kitu, mikono yangu ndiyo ilikuwa inasema. Ikabidi nitafute maneno ya mtu wa kawaida. Badala ya kaza misuli, bonyeza nyuma ya goti chini kama unaua siafu. Badala ya kunja zaidi, vuta kisigino kama unakusanya maharage yaliyomwagika. Maneno hayo ninayo mpaka leo, na nimewasikia baadhi yenu mkiyatumia bila kujua yalitoka wapi.

Nikaenda Kawempe. Nakato alikuwa amenisamehe nusu; nusu ya pili ilikuja baadaye, kwa barua iliyoandikwa "Bwana" tu kwenye bahasha. Nilikaa nje, mgongo ukutani, chini ya paa la bati. Mlangoni pazia la kitenge. Senga akakaa kizingitini, nusu ndani, nusu nje. Nalongo na Nakato walikuwa ndani. Nalongo sikumwona wala hakuniona. Mimi namwambia senga, senga anamwambia Nalongo, ingawa Nalongo amenisikia vizuri kabisa.

Shida ya kwanza ilikuwa kipimo. Nilitaka kujua kisigino kiko mbali kiasi gani na makalio, na neno hilo halisemwi mbele ya mama mkwe, hata penye ukuta. Nilipata kigugumizi pale, nikasema, "Kati ya kisigino na... na mahali pa kupumzikia." Ndani wakaanza kucheka, Nalongo akicheka kwa sauti kuliko wote. Nakato akapima kwa ngumi yake. "Ngumi tatu," akasema. Mpaka leo mimi napima goti kwa ngumi. Kila nyumba inazo, haziibwi.

Nikauliza maswali yote niliyoyaruka. Anaamka saa ngapi, anainuka vipi kitandani, maumivu yanakuja lini, yanakaa muda gani. Alijibu kwamba baada ya mazoezi linauma mpaka anapomaliza kuchambua debe la maharage, kisha linatulia. Nikamwambia hayo ni ya kazi, yavumilie. Likiendelea kuuma hadi asubuhi, au likivimba, kesho yake fanya nusu. Ni kanuni ndogo, nimeitumia kwa mabega ya mafundi cherehani, shingo za wabeba ndizi, viuno vya waendesha boda boda, na siku hizi kwa ninyi wenyewe mnaoinamia simu. Kidogo, mara nyingi kwa siku, na usikilize kesho yake inasemaje.

Wiki tatu nilienda, na wiki tatu ilikuwa ngumi tatu. Nilikuwa nakaribia kukata tamaa. Mikono ilikuwa inaniwasha; nilijua ningeweza kusogeza ile pia ya goti kidogo tu, pale chini, kwa kidole kimoja. Ukuta ulikuwa mwembamba. Nikaikalia mikono yangu, hasa, nikaiweka chini ya mapaja.

Wiki ya nne Nakato akapima. Akapima tena. "Ngumi mbili," alisema. "Mbili, na inabaki nafasi kidogo."

Sikuwa nimebadilisha zoezi hata moja. Nikamuuliza senga mgonjwa amefanya nini. Nalongo, kwa mara ya kwanza, akasahau kupitisha maneno kwa senga. "Mimi niko na gunia," akasema.

Alikuwa amechukua gunia la maharage, nusu, akalifunga, akaliweka juu ya mkeka. Anashika kigoda mbele yake, anajishusha magoti huku na huku ya gunia, anarudi nyuma polepole mpaka analikalia, anakaa hapo akisema sala zake, anainuka. Asubuhi, mchana, jioni. Na kila siku ya soko anafungua gunia, anachota kikombe kimoja cha maharage anakwenda kuyauza. Gunia linashuka, naye anashuka nalo. "Nauza hii goti kikombe kwa kikombe," alisema, na nilisikia anatabasamu.

Nilisoma miaka mitatu, nikafanya kazi na mtu kama Hajjati, na sikuwahi kusikia zoezi zuri kuliko hilo. Halimlazimishi mtu. Halihitaji umeme wala mimi. Mgonjwa mwenyewe anajua jana alikuwa wapi na leo yuko wapi. Nilirudi hospitalini nikamweleza Hajjati, akashona gunia la turubai siku hiyo hiyo. Tulianza na maharage, wauguzi wa zamu wakayapika, tukaweka mchanga. Wangapi wamepiga magoti tena kwa gunia hilo sikuhesabu. Walikuja mashehe walioshindwa kusujudu, na mapadri, na mama wengi sana, na kila mmoja nilimwambia zoezi hili si langu. Nawaambia na ninyi. Mkilifundisha, semeni mlilipata kutoka kwa muuza maharage wa Kawempe.

Barua ya posa ikaenda, ikapokelewa. Siku ya kwanjula sikuwa na mama wa kunisindikiza, kwa hiyo Hajjati Halima akaja kama mama yangu, amevaa vazi lake la Kinubi la kushona kwa mkono, amekaa nyuma ya kiti changu chini ya turubai. Kando yangu alikaa msemaji wetu, mzee wa kukodi, fundi wa maneno, ambaye hakujua chochote kuhusu goti la mtu. Nilikuwa sijaenda Kawempe mwezi mzima, maana maandalizi yakianza mkwe hasogei. Senga alikataa kuniambia lolote. Kipimo cha mwisho nilichosikia kilikuwa ngumi moja.

Wanawake wa nyumba ile walianza kutoka upande wa jikoni, kuja kuwasalimu wageni wanawake waliokaa mkono wa kulia. Nikasikia watu wakimtaja Nalongo. Nikainamisha macho, nikatazama viatu vyangu, kwa sababu haikunipasa kumtazama. Nikasikia mdomo wa Hajjati karibu na sikio langu.

"Anakuja. Hachechemei." Kisha, "Amesimama mbele yao."

Halafu hakusema kitu. Nilisubiri. Nikauliza bila kuinua kichwa, "Hajjati?"

"Nyamaza. Ameshika gomesi." Pumzi. "La kushoto limefika. La kulia linakwenda. Linakwenda. Amekaa juu ya visigino, kijana wangu, kama msichana."

Nikasikia salamu zao ndefu za Kiganda, habari za huko, habari za nyumbani, mm, mm, hazikwishi. Nilijua kazi yenyewe bado. Kushuka hata mzigo hushuka, kuinuka ndiko kugumu, na pale hapakuwa na kigoda cha kushika. Nikafunga ngumi zote mbili.

"Kuna mtu anataka kumpa mkono," Hajjati akanong'ona. "Amemkatalia. Ameweka mguu mmoja. Ameinuka. Mwenyewe ameinuka, hakushika kitu."

Nililia. Sikujificha, machozi yalidondoka kwenye viatu vipya mbele ya ukoo mzima wa wakwe, nikasema asante, asante, sijui kama nilimwambia Mungu au nilimwambia yeye. Msemaji wetu akaniinamia, amefedheheka.

"Futa macho, bwana," akaninong'oneza. "Bibi harusi hajatoka bado."